Risasi Haijali Kama Una Bunduki

Leo sina vichekesho. Leo naanza na kosa langu mwenyewe, halafu mkitaka kunipiga mawe mtanipiga mkishamaliza kusoma.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani, Kianjai. Asubuhi moja nikaenda kumsalimia binamu yangu, ambaye ana kibanda cha vyuma nyuma ya nyumba yake, si mbali na soko. Huyo jamaa hutengeneza kila kitu: majiko, bawaba za milango, vibebeo vya mizigo vya boda. Siku hiyo alikuwa amevunja betri mbili za gari, zile ambazo zimechoka kwa kupanda na kushuka barabara ya Meru–Maua. Alikuwa amezitoa sahani za ndani na kuzitia kwenye sufuria juu ya jiko la makaa. Baada ya muda zikaanza kulegea. Akaondoa uchafu wa juu kwa kijiko, akashika sufuria kwa koleo, akamimina kwenye kopo la bati. Manze, ile kitu ilimetameta kama kioo. Kwa kamera ilikaa poa sana. Nikarekodi sekunde arobaini, nikaweka muziki, nikapost.

Watu walipenda. Wakanitumia alama za moto, wakasema Kianjai kuna vipaji. Ni mtu mmoja tu aliyeuliza: "Na huyo mtoto hapo nyuma?"

Nikairudia video. Kweli, nyuma ya jiko, juu ya gunia, alikuwa amekaa mtoto wa binamu yangu. Ana miaka mitatu. Anakula ndizi mbivu, vidole vyote viko mdomoni. Moshi unamfuata. Mimi nilikuwa hapo kwa mwili na sikumwona. Macho yangu yalikuwa kwenye chuma.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini binamu yangu alikuwa na furaha hivyo siku hiyo. Alikuwa ameona video ya mzee mmoja Mmarekani akitengeneza risasi za bastola za kale, zile za silinda inayozunguka, rivolva za enzi za babu wa babu. Akaniambia, "Buda, vitu anatumia ni hivi hivi. Sufuria, moto, kalibu. Risasi ni risasi."

Risasi ni risasi. Hilo neno limenikaa kichwani mpaka leo.

Kwa Kiswahili, kitu kinachotoka kwenye bunduki na madini yaliyo ndani ya betri vina jina moja. Neno lilitoka kwa Kiarabu, ambako lilikuwa jina la madini, kisha likashika na kile kitu kilichotengenezwa kwa madini hayo. Hata penseli, wazee wetu waliiita kalamu ya risasi, ingawa ndani yake hakuna risasi yoyote. Tukisikia "risasi" tunawaza mlio, damu, polisi. Hatuwazi sufuria, vumbi na mtoto anayekula ndizi. Na mimi naamini hapo ndipo tumepotea. Tunaogopa risasi yenye kelele na kuicheka ile iliyonyamaza.

Usiku huo nilifanya kitu ambacho binamu yangu hakufanya: niliitazama ile video ya mzee mpaka mwisho. Nikatafuta nyingine, na nyingine. Nikagundua kwamba ule moto ni sehemu ndogo tu ya hiyo kazi.

Bastola za miaka ya 1800 zilitengenezwa kwa risasi laini, ya madini matupu au yaliyochanganywa na bati kidogo. Chuma cha mitutu ya siku zile ni laini kuliko cha leo, kwa hivyo wenye bastola hizo hawapendi kuzilisha risasi ngumu za kisasa zilizovikwa shaba. Kwa kuwa risasi za kufaa ni ngumu kupata dukani, wanazitengeneza wenyewe. Madini yanayeyuka yakifika nyuzi 327 za Selsiasi. Wanayamimina kwenye kalibu, yaani umbo la chuma lenye vipande viwili. Yakiganda wanaifungua, na risasi inaanguka juu ya kitambaa.

Halafu inakuja hatua ambayo haina moto, na kwa hivyo haina watazamaji: kupima. Mzee anapima tundu za silinda na upana wa mtutu. Anasukuma kila risasi kupitia pete ya chuma ili itoke na unene ule ule, kwa tofauti ndogo kuliko unywele. Ikiwa nyembamba, gesi ya moto inapita pembeni, inaichoma, na madini yanajipaka ndani ya mtutu. Ikiwa nene kupita kiasi, shinikizo linapanda, na bastola ya miaka mia haitaki shinikizo. Baadaye anapaka mafuta yenye nta ya nyuki kwenye mifereji ya risasi. Siku nzima imeisha na amepata kiganja cha vitu vidogo.

Mambo mengine niliyoyaona: kipimajoto ndani ya chungu. Dirisha wazi na feni inayovuta hewa nje. Glavu. Hakuna chakula, hakuna chai, hakuna mtoto. Akimaliza ananawa, anabadilisha nguo, na nguo hizo zinafuliwa peke yake. Chungu kile hakiingii jikoni tena maisha yake yote.

Na kitu kimoja kilichonishtua: wengi wao wanaonyana kila siku wasiguse betri za gari. Wao hutumia vipande vya madini vilivyokwisha kusafishwa. Sahani ya betri si madini matupu. Imepakwa unga wa risasi iliyoungana na oksijeni na asidi, na unga huo unapeperuka ukivunja tu betri, hata kabla hujawasha moto. Ndani yake pia kunaweza kuwa na madini mengine, kama antimoni, yanayoweza kutoa gesi yenye sumu. Kwa hivyo mzee mwenye feni na glavu anakimbia kile ambacho sisi tunakipika kwa sufuria, uani, huku redio ikiimba.

Sisi tumekopi moto, tukaacha kipimo.

Kabla sijaendelea, kwa yeyote anayewaza kujaribu zile za bastola: hapa si Marekani. Kenya tuna Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Kupatikana na risasi hata moja bila cheti ni kosa. Serikali ina kiwanda chake cha risasi Eldoret, na si kazi ya kibanda cha nyuma ya soko. Nilimwambia binamu yangu hivyo, na hiyo ndoto ya kalibu ikafa hapo hapo. Haikuwa ngumu. Ngumu ilikuwa ile nyingine, ya betri.

Lakini najua kuna msee tayari anaandika: "Acha woga. Babu zetu walitengeneza bunduki msituni." Sawa. Tuongee kuhusu babu zetu, kwa sababu mimi ni mtu wa Tigania na hii hadithi ni ya kwetu pia. Musa Mwariama, aliyeongoza wapiganaji wa Mau Mau upande wa Meru, alikuwa mtu wa Tigania. Alikaa msituni mpaka uhuru bila kushikwa, na mwaka wa 1963 akatoka na kukutana na Kenyatta.

Ni kweli walitengeneza bunduki. Mtutu ulikuwa bomba la maji, kitako kilikuwa mti, komeo la mlango liligeuzwa kuwa kifyatuo, na mpira wa tairi ya ndani ukafanya kazi ya springi. Ukiziona makumbusho unashangaa. Lakini uliza pia zilifanya nini. Nyingine zilipasuka mikononi mwa waliozishika. Na bunduki ikishatengenezwa, tatizo kubwa lilikuwa pale pale: risasi. Walizinunua kwa siri, waliziiba, walizihesabu moja moja. Kina mama walizipitisha mbele ya askari wakijua kwamba wakishikwa ni kifo.

Si maneno ya kuongeza chumvi. Dedan Kimathi aliposhikwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, shtaka lililompeleka kwenye kamba halikuwa la kumuua mtu. Lilikuwa la kupatikana na rivolva ya .38 na risasi sita. Risasi sita. Tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa Kamiti. Katika vita hivyo serikali ya mkoloni iliwanyonga zaidi ya watu 1,000, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua.

Kwa hivyo ukiniambia babu zetu walicheza na risasi, nakukatalia. Hawakucheza. Walijua bei ya kila moja. Walifanya kazi ya hatari kwa sababu hawakuwa na njia nyingine na walikuwa na kitu cha kupigania. Sisi tunapigania nini tukimwaga sumu kwenye uwanja ambao watoto wetu wanatambaa? Kilo chache za madini na video ya sekunde arobaini.

Sasa tuje kwa hiyo sumu. Risasi ikiingia mwilini, mwili unaidhania ni kalsiamu. Inaenda kwenye damu, kwenye mifupa, na kwa mtoto inaenda kwenye ubongo ambao bado unajengwa. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile kilichofika tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Na dalili zake ni za kawaida sana: tumbo kuuma, kukosa choo, kuchoka, hasira, kushindwa kushika masomo. Nani ataenda hospitali kwa sababu mtoto ana hasira? Tutasema ni mtundu. Tutasema kichwa chake ni kigumu. Na uharibifu wa ubongo ukishafanyika, haurudi nyuma.

Halafu tuna lile jibu letu la kila kitu: maziwa. Binamu yangu akimaliza kuyeyusha hunywa nusu lita, eti yanasafisha kifua. Chakula chenye kalsiamu na chuma husaidia mwili usifyonze risasi nyingi, hilo ni kweli, lakini maziwa hayaitoi risasi iliyokwisha kuingia. Na anayekunywa hayo maziwa ni yeye. Mtoto aliyekuwa kwenye gunia alipata ndizi.

Kama unadhani natia chumvi, nenda Mombasa. Mtaa wa Owino Uhuru ulikuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza kazi mwaka wa 2007. Phyllis Omido aliajiriwa pale, na mtoto wake aliyekuwa bado ananyonya akaugua. Kumbe ni risasi. Akaacha kazi, akaanza kupigana. Kiwanda kikafungwa 2014, naye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka wa 2015. Mwaka wa 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu hiyo miaka. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa na miaka 17 kesi ikifika mwisho.

Na si lazima iwe kiwanda. Thiaroye-sur-Mer, nje ya Dakar kule Senegali, watu walikuwa wanachambua betri na mchanga wenye risasi majumbani mwao, kama sisi tu. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watoto 18 walikufa kwa miezi michache.

Kitu cha kuumiza ni kwamba tunajua kupigana na hii kitu tukiamua. Zamani petroli yote ilitiwa risasi. Kufikia 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, zilikuwa zimeiacha. Mwaka wa 2021 dunia nzima ikaacha kuiuza kwa magari, na tangazo likatoka kwa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake yako Gigiri, hapa hapa Nairobi. Tumeitoa kwenye hewa ya barabara, halafu tunairudisha wenyewe kwenye uani wa nyumba.

Nilirudi kwa binamu yangu na haya yote. Nilijiona mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akaniuliza swali moja: "Na karo ya yule mkubwa utalipa wewe?"

Sikuwa na jibu. Kwa hesabu yake, akivunja betri na kuyeyusha mwenyewe anapata karibu mia tatu zaidi kuliko akiiuza nzima. Betri kumi kwa mwezi ni elfu tatu. Msimu ambao miraa imeshuka bei na watu hawaleti kazi, hiyo elfu tatu ni unga na karo. Mimi nilikuwa nimekuja na makala, yeye ana watoto wanne.

Kwa hivyo sitaki kuandika hapa kwamba mafundi wa jua kali ni wajinga. Si wajinga. Binamu yangu anaweza kukuambia kiwango cha joto cha chuma kwa kuangalia rangi tu. Shida ni kwamba mtu aliyemuuzia betri mpya hakumwambia lolote kuhusu ile kuukuu. Mnunuzi wa vyuma chakavu anamlipa zaidi akileta madini yaliyoyeyushwa, kwa hivyo sumu inabaki Kianjai na faida inapanda lori. Na sisi wenye simu tunamshangilia kwa sababu video ni kali.

Maoni yangu ni haya, na msikie vizuri.

Kwanza, betri isivunjwe nyumbani. Iuzwe nzima, na asidi yake ndani. Anayeuza betri mpya alazimishwe kuipokea kuukuu na kuilipia bei ya maana, ili ile mia tatu isiwe sababu ya mtu kuwasha jiko. Kaunti inajua kutoza ushuru wa soko kila asubuhi. Haishindwi kuweka sehemu moja ya kukusanyia betri.

Pili, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, ni safari fupi ya matatu kutoka Kianjai. Ndugu zangu mnaosoma kemia pale, mnatafuta kazi ya kufanyia utafiti? Njooni mpime udongo wa nyuma ya soko. Itasaidia mtu unayemjua kwa jina.

Tatu, sisi wa kamera. Nimeifuta ile video. Wengine mmeniambia ningeiacha na kuweka onyo chini. Hapana. Onyo ni maneno, na chuma kinachometa kinashinda maneno kila siku. Mimi mwenyewe nilikuwa hapo, nikavuta ule moshi, na sikuona mtoto. Mtu anayetazama kitandani saa sita usiku atasoma onyo gani? Kuna kijana mahali angewasha moto kesho yake.

Binamu yangu ameacha kuyeyusha, kwa sasa. Anasema atauza nzima mpaka aone. Tulikusanya ule mchanga wa juu penye jiko tukiwa tumefunga vitambaa mdomoni na tumeumwagia maji kwanza usipeperuke. Tukautia kwenye magunia, na mpaka leo magunia hayo yako kwenye kona, chini ya turubai, kwa sababu hakuna mtu ametuambia tuyapeleke wapi. Sufuria imetobolewa ili shosho asije akaichukua kupikia githeri.

Mtoto tulimpeleka kupimwa. Daktari alisema kipimo cha risasi hakifanyiki pale, damu inapelekwa Nairobi. Akatoa sindano, mtoto akalia, akapewa peremende, akanyamaza.

Jana jioni binamu yangu alinipigia simu. Hajawahi kunipigia jioni. Hakusalimia. Aliuliza tu, "Wamesema kitu kutoka Nairobi?"

Nikamwambia bado.

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Wakisema, uniambie hata kama ni usiku."

Kama nyuma ya nyumba yenu kuna betri iliyopasuliwa na watoto wanacheza hapo, usinitumie alama ya moto. Toka nje uangalie mtoto amekaa wapi.